Witch yangu iliishia 1977

Baba mkubwa alikaa kimya nyimbo tatu nzima.

Nilikuwa nimemwandalia orodha. Alifanya kazi reli ya TAZARA miaka mingi, karakana ya Mpika, ule upande wa Zambia, na hadi leo akikasirika Kibemba kinamtoka katikati ya Kiswahili. Siku alipotaja, kama mtu anayetaja mvua ya juzi, kwamba ujanani aliwahi kuwacheza Witch ukumbini, ile bendi ya roki ya Zambia ya miaka ya sabini, nilibaki mdomo wazi. Kuna watu wanatoa hela za kutisha kupata santuri za hao jamaa, na mimi nina mtu wa damu yangu aliyetoka nao jasho chumba kimoja!

Nikapanga nyimbo kwa mwaka, kuanzia 1972. Nikaunganisha simu na spika. Nikakaa pembeni nimwangalie uso.

Gitaa likanguruma. Uso haukubadilika. Ukaja wimbo wa pili, wa tatu, naye anatazama mlango kama kuna mgeni anakuja.

Kwenye wa nne akauliza, "Ndio Witch hawa?"

"Ndio hao hao, baba mkubwa."

"Mbona hawachezeki?"

Nikamwambia asubiri kidogo. Akasubiri, maana ni mtu mstaarabu. Wimbo wa mwisho ulipoisha alikaa dakika nzima bila kusema, kisha akaniuliza swali ambalo limenikaa kichwani wiki sita sasa.

"Umekatia wapi? Mbona hujafika?"

Sikuwa nimekata popote. Kwa hesabu zangu Witch walikuwa wameisha.

## Jina lililovishwa irabu

Habari za Kaunda, rais wa kwanza wa Zambia, na shaba na uhuru wa 1964 tunazijua, nisiwachoshe. Nianze na jina.

Emmanuel Chanda, mwimbaji wa Witch, kijana aliyekulia Kitwe, mji wa migodi, alipewa jina la jukwaani kutokana na Mick Jagger wa Rolling Stones. Lakini hakuitwa Jagger. Aliitwa Jagari. Neno lile la Kiingereza linaishia hewani, halina pa kutua, kwa hiyo likavishwa irabu na likatulia. Hivyo hivyo ndivyo sisi tulivyolipata gitaa, na sahani ya santuri ikazunguka kwenye gramafoni. Hakuna anayesema gitaa ni neno la kuiga. Ni letu, tunalitumia.

Nimetumia muda mrefu kulifikiria jina hilo kwa sababu naona bendi nzima imo humo. Herufi za Witch zilisomeka We Intend To Cause Havoc, yaani tumekuja kuleta vurugu, na vurugu yenyewe waliivisha irabu. Kims Mbewe alikuwa kwenye solo, John Muma kwenye rithimu, Giddy King Mwamulenga kwenye besi, Paul Mumba kwenye kinanda, Boidi Sinkala kwenye drams. Jagari mbele na maiki.

Albamu yao ya kwanza, *Introduction*, ni ya 1972. Ukiisikiliza leo kwa spika nzuri utadhani spika imeharibika. Kila kitu kimebanana, drams ziko kama ndani ya kabati, kinanda kinapenya kama mbu. Ni vijana wanaopiga kwa haraka kabla mwenye chumba hajaja kudai chumba chake. Naipenda hivyo hivyo.

Halafu 1974 *In the Past*, ambayo imetulia zaidi, na 1975 *Lazy Bones!!*

Hizo alama mbili za mshangao ni zao, si zangu.

## Mguu kwenye pedali

*Lazy Bones!!* ndiyo ilinifanya niwe mtu wa Witch, kwa hiyo acheni nikae hapa kidogo.

Sauti ile inayoitwa ya saikedeliki, ukiondoa mashati ya maua na stori za moshi, mara nyingi ni visanduku viwili vya chuma sakafuni. Cha kwanza ni fazi. Kinapokea sauti ya gitaa na kuikuza kupita uwezo wa transista, hivi kwamba vilele vya wimbi la sauti vinakatwa vikawa bapa. Unachosikia ni noti yenye miiba, nene, isiyotaka kufa. Gitaa la kawaida ukiligusa linalia na kufifia. Lenye fazi linang'ang'ania.

Cha pili ni wawa. Kile ni pedali ya mguu kabisa, ukikanyaga mbele sauti inafunguka, ukirudisha kisigino inaziba, kama mdomo unaotamka "wa" polepole. Mpiga gitaa anatumia mikono kucheza na mguu kusema.

Sasa kwenye *Lazy Bones!!* Witch wanatumia visanduku hivyo bila haraka. Hicho ndicho kilichonishika. Bendi nyingi za wakati ule, popote pale, zikishapata fazi zinageuka watoto waliopata filimbi. Hawa wanauacha wimbo kama "Black Tears" utembee kwa huzuni yake, gitaa linakuja linaondoka, na Jagari anaimba kama mtu asiye na hakika kama kuna anayemsikiliza. "Motherless Child" ni hivyo hivyo. Ukiwa na headphone usiku, taa imezimwa, ni muziki unaokukalisha chini.

Unakukalisha chini. Nilikuwa nimeandika sentensi hii kama sifa, zamani, kwenye makala nyingine. Baba mkubwa ameiharibu.

## Asilimia 95

Kuna jambo huwa linanichekesha. Kaunda alitoa agizo kwamba asilimia 95 ya muziki wa redioni uwe wa Wazambia. Nia ilikuwa kuufanya utaifa usikike, na si vigumu kukisia kwamba serikalini kuna aliyekuwa anasubiri ngoma, vigelegele na sifa za taifa.

Walichopata ni pamoja na vijana wa Copperbelt, mkoa wa migodi ya shaba, wenye fazi, wanaimba Kiingereza, nywele zimetimka. Na kwa mujibu wa agizo walikuwa halali kabisa. Wazambia hao.

Ndivyo ilivyostawi ile roki ya Zambia tunayoiita Zamrock, na bendi zake: Witch, Amanaz, Ngozi Family, Musi-O-Tunya ambao waliweka kambi Nairobi. Huko nje kuna wasikilizaji wanaoinamisha kichwa pembeni na kuuliza, "Lakini Uafrika wake uko wapi?" Swali hilo huwa linanikera, halafu nakumbuka kwamba mimi nimeuliza swali la aina hiyo hiyo kwa upande wa pili. Nilipofika kwenye disko la Witch niliuliza, "Lakini Uwitch wake uko wapi?"

Nitarudi hapo.

## Hewa inapungua

Mwaka 1976 walitoa *Lukombo Vibes*, na hapo mlio unaanza kugeuka. Midundo ya nyumbani inapanda juu, ngoma zinapata nafasi, lugha zinachanganyika. Huwa inasimuliwa kwamba bendi "ilirudi kwenye asili". Sikubaliani sana na neno kurudi. Hawakuwa wametoka. Kijana wa Kitwe anayesikia roki ya Deep Purple redioni asubuhi na ngoma za jirani jioni hana safari ya kurudi popote. Ana vitu viwili masikioni, leo kimezidi hiki, kesho kile.

Na sababu nyingine hazikuwa za sanaa hata kidogo. Zaidi ya asilimia 90 ya mauzo ya Zambia nje yalikuwa shaba, na bei ya shaba ikaporomoka kuanzia 1974. Mpaka na Rhodesia, Zimbabwe ya leo, ulikuwa umefungwa tangu Januari 1973. Mwaka 1975 vita vya Angola vikaifunga na reli ya Benguela, njia nyingine ya shaba kwenda baharini. (Hapo ndipo baba mkubwa huwa anakohoa kidogo na kukaa sawa, kwa sababu aliyebeba mzigo baada ya hapo ni reli yake.) Nyuzi za gitaa zinanunuliwa kwa fedha za kigeni. Valvu za amplifaya hali kadhalika. Plastiki ya santuri nayo. Ukisikiliza muziki wa miaka hiyo kama vile ni mawazo matupu yaliyokuwa yanabadilika vichwani mwa wasanii, utakuwa umesikiliza nusu.

Mwaka 1977 ikaja albamu ambayo jina lake linasomeka kama stika ya dukani: *Including Janet (Hit Single)*. Wimbo wa "Janet" ulikuwa umevuma, na walitaka mnunuzi ajue umo.

Baada ya hapo Jagari akaondoka. Alikuwa na familia, muziki haulipi, akaenda kwenye ualimu.

Na mimi nikaondoka naye.

## Miaka niliyoiruka

Nijitetee kidogo. Mwanzoni mwa muongo wa 2010, lebo ya Marekani iitwayo Now-Again ilikusanya kazi za Witch ikazitoa upya, kisanduku kizima, albamu zote tano za 1972 hadi 1977. Ni kazi ya heshima, bila hiyo wengi wetu tusingewajua. Lakini kisanduku kina kuta nne. Ukikinunua kama kitu kamili, unajenga imani kwamba nje ya ukuta hakuna mtu.

Nje ya ukuta kulikuwa na *Movin' On* ya 1980 na *Kuomboka* ya 1984. Nilijua zipo. Niliwahi hata kuzifungua. Sekunde arobaini, nikasikia hi-hati ya disko, yale matoazi mawili ya drams, nikafunga. Kwenye orodha ya baba mkubwa sikufikiria kuziweka, kama ambavyo hufikirii kumwekea mgeni picha za harusi ya shemeji.

Wiki ya pili baada ya lile swali nilizikalia. Sikuzisikiliza kitandani, maana nimejifunza. Nilisimama jikoni.

Kwanza nilitafuta gitaa, na gitaa limepungua. Ndilo lililokuwa linaongea, sasa linakatakata vipande vidogo juu ya mdundo, chaka-chaka, kama mtu anayekatia mboga haraka. Anayeongea sasa ni besi. Drams za miguu zinapiga kila pigo, moja mbili tatu nne, hakuna pigo lililoachwa wazi, na katikati ya mapigo hi-hati inafunguka na kufunga. Kwenye roki ya *Lazy Bones!!* unaambiwa: kaa, nina jambo. Hapa unaambiwa: usikae.

Sitaki kudanganya kwamba nilifunuliwa. Baadhi ya nyimbo ni nyepesi. Sintesaiza imezeeka vibaya kuliko fazi, ina ule mlio wa sabuni ya unga. Ukinipa kisiwa na albamu moja bado nachukua *Lazy Bones!!* bila kusita.

Ila kufikia wimbo wa tatu nilikuwa nimeacha sufuria na mguu unapiga sakafu, na sikuwa nimeuruhusu.

Ndipo nikaanza kufikiria ukumbi wenyewe. Mwishoni mwa miaka ya sabini majeshi ya Rhodesia yalikuwa yanashambulia ndani ya Zambia, kuna amri za kutotembea usiku, taa zinazimwa, maonyesho yanasogezwa mchana. Kaseti za kunakili zinamaliza mauzo ya santuri. Na mtu mwenye mashine mbili za santuri na spika anaweza kuchezesha ukumbi kwa sehemu ndogo ya gharama ya wanamuziki sita na amplifaya zao. Bendi iliyotaka kuendelea kupata kazi ilipaswa kucheza kile ambacho mashine inacheza, na kukicheza vizuri kuliko mashine.

Nilikuwa nimeuita huo mwisho wa Witch. Kumbe Witch walikuwa kazini.

Na hilo jina, *Kuomboka*. Ni sherehe ya Walozi, magharibi mwa nchi. Zambezi ikifurika, Litunga, mfalme wao, anahama kutoka Lealui kwenye tambarare kwenda Limulunga kwenye mwinuko, ndani ya Nalikwanda, chombo kikubwa chenye mistari myeusi na myeupe na safu za wapiga kafi. Kabla ya safari ngoma za Maoma hupigwa usiku, watu wajue. Neno lenyewe maana yake ni kutoka majini. Hakuna Mlozi anayesimama Limulunga akasema ufalme umeisha kwa sababu Lealui imejaa maji.

Mimi nilisema hivyo miaka kumi.

## Waliobaki

Sehemu hii naiandika kwa kifupi kwa sababu inaumiza. UKIMWI uliwapitia. Wale waliorekodi na Jagari miaka ya sabini, niliowataja hapo juu mmoja mmoja, walikufa. Amebaki yeye peke yake. Kwa miaka mingi alikuwa anachimba vito ardhini, mtu ambaye kumbi zilijaa kwa ajili yake, hadi santuri zilipofufuka na simu zikaanza kuingia. Filamu kuhusu safari hiyo ilitoka 2019.

Bendi ikaundwa upya, ikiwa na vijana wa Ulaya. Mholanzi Jacco Gardner alishika besi, Nico Mauskovic akapiga drams. Lakini kuna mtu mwingine jukwaani, kwenye kinanda. Anaitwa Patrick Mwondela, naye ni Witch kweli, wa zamani.

Ni Witch wa miaka ya themanini. Wa disko.

Hapa ndipo nilipoiacha kalamu siku nzima. Waliobaki kuibeba bendi kutoka zamani ni wawili, na mmoja wao anatoka kwenye kipindi nilichokuwa nakifunga baada ya sekunde arobaini. Hiyo historia niliyoichora, kilele 1975 halafu mteremko, ilikuwa inamweka nje nusu ya mashahidi.

Mwaka 2022 waliungana na Sampa the Great, rapa mzaliwa wa Zambia, kwenye wimbo wake "Can I Live?", na 2023 ikatoka *Zango*, albamu mpya ya kwanza tangu *Kuomboka*, miaka 39. Zango kwa Kikaonde ni mahali pa kukutania. Nilikuwa nimeisikiliza ilipotoka na nikaisifia, na nikaandika kwamba "wamerudi kwenye sauti ya Lazy Bones". Ninaona aibu. Isikilizeni tena. Fazi ipo, ndiyo, imejaa, na sasa imerekodiwa na watu wenye vifaa. Lakini chini yake besi inatembea kwa namna ambayo 1975 haikuijua. "Unimvwesha Shuga" hauhitaji kujua Kinyanja kuuelewa, na hauhitaji kiti. Kinanda cha Mwondela hakipambi, kinasukuma. Mwaka 1974 na mwaka 1984 zinapiga kwa wakati mmoja na hakuna anayemwomba mwenzake apishe.

Swali langu la "Uwitch wake uko wapi" lilikuwa na jibu muda wote, ila lilikuwa upande wa kisanduku ambao hakuna aliyeniuzia.

## Orodha ya pili

Jumapili iliyopita nilirudi kwa baba mkubwa. Orodha safari hii ilianza na *Movin' On*.

Hakungoja kibwagizo. Alishika mgongo wa kiti, akainuka, akapiga hatua mbili za pembeni na moja ya kurudi, bega likashuka mahali ambapo sikutarajia bega la mtu wa umri wake kushuka. Magoti yakakataa, akakaa. Ila mkono uliendelea juu ya meza.

"Sasa umefika," akasema.

Tukaenda na *Kuomboka*. Akanieleza habari ya suruali yake fulani, ndefu, ambayo haihusiani na makala hii. Kisha nikamwekea *Zango* bila kumwambia ni nini. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Kinanda kilipoingia alinyoosha kidole, kama mtu anayemtambua mpita njia. Halafu akaja Jagari, sauti imekwaruzika, imepita miaka sabini, inaimba juu ya besi ile.

"Hao ni Witch," akasema baba mkubwa. "Huyo mwimbaji ndiye mgeni. Wamemtoa wapi?"